Mzee wa Miche Anajibu: Nani Anamwagilia Jumatano?

Barua zimekuwa nyingi mwezi huu na sababu naijua, mvua ikianza tu Nairobi kila mtu anakumbuka kupanda, ikiisha hakuna anayekumbuka kumwagilia. Nimechagua chache. Wale mlioniuliza bei ya parachichi ya kupandikiza, hapa si mahali pake, piteni nasari yangu ya miche, mnajua nakaa wapi.

Shikamoo Mzee. Sisi ni akina mama wanane na vijana watatu hapa Umoja. Kati ya koti yetu, yani nyumba zinazozunguka ua mmoja, na ile ya nyuma kuna kiwanja cha wote, zamani tulikuwa tunaanika nguo hapo, sai ni vumbi na makaratasi. Ile siku serikali ilitoa likizo ya kupanda miti Novemba 2023 tulitoka wote tukapanda miche 40, tukapigwa picha, tukanunua soda. Imebaki mitatu. Mwenzetu mmoja anasema hii ardhi imelaaniwa. Tulikosea wapi? – Mama wa Koti ya Nyuma, Umoja

Marahaba mama, na pole kwa hiyo miche 37. Huyo anayesema ardhi imelaaniwa mwambie atulie, hiyo ni ile ardhi nyeusi ya Eastlands na tabia yake ndio hiyo, mvua ikinyesha inashika kiatu mpaka unaondoka na soksi, jua likiwaka wiki moja inapasuka nyufa unaweza ingiza mkono. Mzizi mchanga ukipatikana kwa huo ufa unakauka kama kamba, hata kama ulimwagilia juzi.

Lakini turudi kwa hiyo siku yenyewe. Tarehe 13 Novemba, ilikuwa Jumatatu, mvua ya El Niño ilikuwa inapiga vibaya, unachimba shimo linajaa maji kabla hujamaliza. Wakati ulikuwa sawa kabisa, hiyo ni mvua fupi ya Oktoba mpaka Desemba, na nyingine ya kupandia ni ile ndefu ya Machi mpaka Mei. Novemba haikuwaua. Kinachoua ni Januari na Februari, mvua imeisha, shule zimefunguliwa, kila mtu anakimbizana na karo, na mche bado haujashusha mizizi. Sasa piga hesabu na mimi. Mche mmoja kwa hiyo ardhi unataka kama lita 5 kila mara, na mara mbili kwa wiki jua likiwa kali. Miche 40 ni lita 200, hiyo ni mitungi 10 ya lita 20 kila zamu, na hapo Umoja mifereji ikikauka na mtu wa mkokoteni akaamua bei yake, wewe unajua kuliko mimi hiyo ni pesa ngapi. Watu kumi na mmoja hamngeweza hata mkiwa malaika. Ndio maana mtu akija nasari akiniambia anataka miche 100 ya kiwanja cha mtaa, kabla ya kumtajia bei namuuliza swali moja tu, Jumatano nani anamwagilia? Simuulizi Jumamosi, Jumamosi watu hujaa na majembe na watoto na spika. Nauliza Jumatano. Akinyamaza namuuzia 10.

Kuna kitu kingine, sijui kama nyinyi mlikifanya lakini wengi hufanya. Kuna kiwanja kimoja huku kwetu tulipanda miche kama 60 na kundi la watu waliokuja na fulana zinazofanana, baada ya miezi mitatu ikakauka yote, mimi nikachukua panga nikachimbua mmoja nione. Karatasi ya nailoni ya nasari ilikuwa bado iko! Mtu alichukua mche na mfuko wake akauingiza shimoni hivo hivo, na mizizi ilikuwa imezunguka ndani mara nne mara tano kama tambi kwenye sufuria, imetafuta pa kutokea ikakosa. Nikachimbua mwingine, hivo hivo. Sasa mama, chukua panga uchimbue miwili mitatu ya hiyo iliyokufa, ukikuta nailoni basi hakuna haja ya kutafuta mchawi.

Mkipanda tena, shimo liwe futi moja na nusu kwenda chini na hivo hivo upana, ule udongo wa juu uuweke kando peke yake na wa chini kando peke yake, ukirudisha uanze na wa juu uliochanganywa na samadi iliyoiva, manake ule wa juu ndio una chakula. Samadi mbichi ya ng'ombe ya leo usitie, inachoma. Pasua nailoni kwa wembe, toa, weka mfukoni, usiiachie hapo tena. Halafu funika na nyasi kavu kuzunguka, lakini zisiguse shina. Na maji mkibana, chukua chupa ya soda ya lita mbili, toboa kifuniko na sindano, ikate matako, ipindue uizike kidogo kando ya mche, maji yanashuka pole pole yakienda kwa mzizi badala ya kuenda kwa jirani. Chupa moja kwa mche mmoja, mtoto wa darasa la tatu anaweza kazi hiyo akitoka shule.

Kwa hiyo ardhi yenu anzeni na mgunga, ule wa ganda la manjano, huo hauogopi ardhi nyeusi wala maji kusimama, ila una miiba kwa hivyo mbali na njia ya watoto. Mukinduri pia hufanya vizuri sana Nairobi. Mugumo msijaribu karibu na ukuta au bomba la maji taka, utakuja kunilaani baada ya miaka kumi. Na mbuzi je? Hukunitajia mbuzi lakini najua wako, na ukame ukikaza ng'ombe pia hufika mpaka ndani ya mtaa, kwa hivyo kata matawi ya miiba uzungushie kila mche, ni bure na ni bora kuliko waya ambayo itaondoka usiku wa kwanza.

Mara hii pandeni 10. Mkifikisha 10 hai mpaka mvua nyingine, ongezeni 10. Na karatasi ya zamu ibandikwe kwa geti, siku saba majina saba.

Habari Mzee. Huku Komarock tuna nafasi ya wazi tumeitunza miaka sita, tumepanda nyasi, tumeweka mabenchi mawili ya mbao za paleti, wazee hucheza drafti hapo. Juzi Jumatatu tuliamka tukapata mabati imezungushwa na kuna jamaa wawili na mbwa, ati tajiri wao amenunua. Chifu anasema hajui lolote. Vijana wanataka kuenda usiku kung'oa. Kikundi chetu kimesajiliwa na tuko na cheti, si hicho kinatosha kuonyesha hapo ni petu? – Mcheza Drafti

Usiku hapana. Naanza na hapo kabla sijasema kingine. Mkienda usiku, asubuhi itakuwa nyinyi ndio washtakiwa na yeye ndio mlalamishi, na mtu akiumwa na mbwa au akipigwa rungu hakuna atakayeuliza tena habari ya kiwanja, itakuwa habari ya hospitali na polisi. Kaeni mchana, mbele ya watu.

Cheti sasa. Kile cheti mlipata ofisi ya maendeleo ya jamii, siku hizi ni chini ya sheria ya usajili wa vikundi ya mwaka 2022 na lazima muwe watu 10 kuendelea, kinasema nyinyi ni kikundi. Basi. Hakisemi kiwanja ni chenu, na mkienda mahali mkidai ni chenu mtajiharibia wenyewe, kwa sababu huyo tajiri atasema sawa, mimi nina karatasi nyinyi mna ya mabenchi. Dai lenu liwe hili, kwamba hapo ni pa umma, si petu wala si pako. Katiba ya 2010 kifungu cha 62 kinaeleza ardhi ya umma ni ipi, na ile iliyo chini ya kaunti, kaunti inaishikilia kwa niaba ya wakaaji, haiimiliki vile mtu anamiliki gari yake, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndio inaisimamia. Zile nafasi za wazi kwenye mitaa yetu ziliachwa hivo kwa ramani wakati mtaa unagawanywa, kwa hivyo kazi yenu ya kwanza ni ramani.

Tumeni watu wawili waende Ruaraka kwa idara ya upimaji, wanunue ramani ya sehemu yenu, muone hapo penu pamechorwa nini na kama pana nambari. Ikiwa pana nambari, fanya upekuzi kwa Ardhisasa, ule mfumo wa ardhi wa kimtandao ulioanza Aprili 2021 na ulianzia hapa hapa Nairobi, uone jina gani limeandikwa. Msiulize kwa mdomo pekee. Andikeni barua kwa kaunti idara ya ardhi na mipango, ulizeni hicho kiwanja ni cha nini kwa mpango wa mtaa, kimeuzwa au hakijauzwa, nani aliidhinisha, na mtaje sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 ambayo inawapa siku 21 za kujibu. Mkienda nayo mbebe nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, hiyo ndio dhahabu. Nimeona watu wamepeleka barua nzuri kabisa, za wakili, halafu wakaulizwa mliipeleka lini wakaanza kuangaliana. Nakala nyingine ya barua ipelekwe Tume ya Ardhi. Na mkiona lori la mawe limefika, muulize NEMA, ile mamlaka ya serikali ya mazingira, kama kuna leseni ya mazingira ya kujenga hapo, mara nyingi hakuna.

Mahakama iko pia, ya Mazingira na Ardhi pale Milimani, na wengi hawajui kwamba kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kuenda huko kutetea haki ya mazingira safi bila kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Yani wewe mcheza drafti huhitaji kusema nimeibiwa shamba la babangu. Lakini wakili anakula pesa, anzeni na barua.

Sasa nataka uniambie kitu, mna daftari? Nauliza hivi kwa sababu nilikuwa kwa kesi kama hii ya mtaa mwingine, na kitu kilisaidia sana hakikuwa picha za sherehe wala fulana, kilikuwa daftari moja la shule la kurasa 96, limepakwa matope, lina tarehe na jina la aliyefagia na aliyemwagilia, Jumatatu nani, Jumatano nani, miaka minne mfululizo, na mahali pengine mtu ameandika tu "mvua, hakuna kazi". Huwezi kutunga kitu kama hicho usiku mmoja. Ilionyesha kwamba umma unatumia mahali hapo, kila wiki, mchana kweupe. Si hati ya kumiliki, naomba unielewe, lakini ukiwa na ramani na muhuri na hilo daftari, mtu wa mabati anaanza kutafuta mlango.

Na msione barua ni kitu kidogo. Mwaka 1989 hapa hapa mjini walitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na Profesa Wangari Maathai alianza na barua, akaandikia ofisi za serikali, akaandikia mashirika, akaandikia mabalozi, wakamtukana bungeni, wakamwita kila jina, lakini waliokuwa watoe pesa wakaanza kuulizwa maswali wakajitoa, na jengo halikujengwa. Ukipita Uhuru Park leo angalia nyasi. Kutetea Msitu wa Karura kulikuwa kugumu zaidi, 1998 na 1999, huko walienda na miche mkononi, na tarehe 8 Januari 1999 yeye mwenyewe alipasuliwa kichwa na watu waliowekwa kulinda huo msitu usiingiliwe na wenyewe. Leo Karura watu hukimbia asubuhi, na Marafiki wa Karura wanausimamia pamoja na huduma ya misitu.

Nyongeza moja, na hii ni maoni yangu tu. Msiweke watoto mbele. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Langata Road walitoka kutetea uwanja wao wa kuchezea wakapigwa vitoa machozi, watoto wadogo wa yunifomu. Uwanja ulirudi, ndio. Lakini mimi ningependa wazee wa drafti ndio wakae mbele, na drafti yao, kila siku saa nne asubuhi, nje ya hayo mabati.

Niaje Mzee. Mimi ni kijana wa Kariobangi, tuko vijana 14 tunasafisha kando ya barabara na tumeweka maua kwa matairi. 2020 wakati wa Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa vijana kusafisha mitaa, tulikuwa tunalipwa, sai serikali inalipa wengine kule kwa mto, sisi bure. Masaa yetu si pia ni pesa? Wengine wameanza kutoka. – Kijana wa Matairi

Poa kijana wangu. Masaa yako ni pesa, nani amekwambia si pesa, na mtu mzima mwenye mshahara asije akakuhubiria habari ya kujitolea wakati wewe hujakula chamcha. Hilo tulimalize.

Lakini Kazi Mtaani iliisha, si ndio? Na ilipoisha zile sehemu zilizosafishwa zilirudi vipi, wewe uliziona, mwezi wa pili majani yamefika goti. Kwa hivyo kazi ya kulipwa ikija chukueni, andikisheni majina, lakini msifunge kikundi mkiingojea. Angalia kile vijana wa Korogocho walifanya, wale wa Komb Green, kando ya Mto Nairobi palikuwa jaa la takataka na watu walikuwa wanapaogopa hata mchana, wakapageuza bustani, watoto wanabembea hapo. Ama Dandora, wale walianza na koti moja moja, wakasafisha, wakapaka rangi, wakaweka lango, wenye nyumba wakaona wacha tuchange kidogo kila mwezi kwa usafi na kwa ulinzi wa magari, ile koti ya Mustard Seed ndio ilijulikana sana mpaka nyingine zikaanza kushindana nayo. Hapo sasa kuna pesa, ndogo, lakini inatoka kwa anayefaidika na anaiona kazi kwa macho yake.

Nyinyi mko na matairi na mko na soko karibu. Taka ya soko, majani ya sukuma na maganda ya ndizi, ukirundika na udongo ukipindua kila wiki mbili, miezi mitatu hiyo ni mbolea, mimi mwenyewe nanunua kwa gunia. Miche ya maua pia, kata vijiti vya zile zenu mnazo, panda kwa mikebe ya maziwa. Msianze tu kulipa mmoja na kuacha mwingine, leo umelipa wa fyekeo kesho watano hawaji kwa sababu wao walikuwa wa ufagio. Pesa ikiingia iingie kwa kikundi kwanza, inunue glavu na chai, kinachobaki mnagawana kwa daftari la nani alikuja.

Na tafadhali pesa isikae kwa simu ya mtu. Sisi tulikuwa na mweka hazina, mtu mpole sana, mtu wa kanisa, laini ya kikundi ikawa kwa jina la bibi yake, wakaachana. Fungueni akaunti ya benki, watu watatu watie sahihi.

Mwalimu mstaafu hapa, naishi karibu na Mto Mathare. Baada ya mafuriko ya 2024 na nyumba za kando ya mto kubomolewa kumebaki ukanda mrefu wazi, na watu wamechoka kuuangalia hivyo. Tumepata mtu wa kutupa miche 200 ya mikalatusi bure. Wengine wanataka tupande sukuma wiki. Unatushauri nini?

Mwalimu heshima yako. Mikalatusi mrudishie kwa shukrani. Wakikuyu huuita munyua maai, mnywa maji, na hawakuupa hilo jina kwa utani, unakunywa kweli kweli, na mwaka 2009 marehemu John Michuki akiwa waziri wa mazingira aliamuru ing'olewe kandokando ya mito na kwenye chemchemi. 

Sukuma pia hapana, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Maji ya huo mto yana choo na yana mambo ya viwanda na gereji, sukuma inameza kile kiko kwa maji, inakuwa mbichi nzuri na majani mapana, halafu inauzwa kwa watoto wenu wenyewe saa kumi na mbili jioni.

Mpaka wa mto sheria inasema mita 6 kwa uchache na mita 30 kwa wingi kila upande, ukipima kutoka pale maji yalifika yakijaa kabisa, na si pale yanakuwa Agosti ukiona mawe. Nyinyi mlioona maji ya 2024 mnajua alama iko wapi bila kuuliza mtu, kwa ukuta gani, kwa mlango wa nani. Hapo ndani msijenge kitu chochote, hata kibanda cha kuwekea majembe, hata choo cha mabati. Mtu akianza na kibanda cha majembe mwaka ujao ni duka.

Kule chini kabisa karibu na maji weka mianzi na nyasi za kushika udongo, vetiva ukipata. Mkuyu unapenda mto na unashika ukingo vizuri sana, nao mpe nafasi. Juu kidogo muringa, muiri, muthiga, yote ni miti ya hapa. Lakini kabla ya mche wowote mtumie Jumamosi tatu nne kutoa takataka, manake ukichimba shimo hapo unapata plastiki futi mbili chini, ile mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017 lakini ya zamani bado inatuangalia. Na wale waliobomolewa wako hapo hapo mtaani, wengine wamehamia kwa ndugu. Waite kwa mkutano wa kwanza, mwalimu. Usipande maua mahali mtu alikuwa analala bila kumsemesha.

Mzee kuna mtu anamwaga takataka usiku kwa bustani yetu. Tumeweka bango "USITUPE TAKA HAPA, FAINI" na bado. Tumfanyeje? – Tumechoka, Zimmerman

Toeni hilo bango, linamwonyesha pa kutupa. Taka huita taka, ukiacha mfuko mmoja mpaka saa nne asubuhi jioni ni sita, kwa hivyo mwenye zamu ya asubuhi autoe kabla jua halijachomoza vizuri. Halafu wekeni taa. Na kabla hamjamkamata ulizeni hivi, yule kijana wa mkokoteni mnamlipa aondoe taka zenu kila Ijumaa, yeye huzipeleka wapi?

Mwakilishi wetu wa wadi ameahidi kutupa miche na tanki la maji ila anataka bango lake kubwa lisimame katikati ya bustani mpaka uchaguzi. Kikundi kimegawanyika. – Katibu

Tanki chukueni, na mumshukuru mbele ya watu, maji si siasa. Bango mwambieni kwa heshima kwamba mmekubaliana kwa kikao hakuna bango la mheshimiwa yeyote, hata wa upinzani, na muandike hivyo kwa kumbukumbu za kikao kabla hajafika ili isionekane ni yeye. Akikasirika arudi na tanki lake basi mtajua lilikuwa la nani. Mimi sijawahi kuona likirudishwa.

Mzee, mume wangu aliaga mwaka jana. Alikuwa anafagia kile kiwanja cha kanisa na soko kila asubuhi, hakuna mtu alimwambia afagie. Nataka kupanda mti hapo kwa ajili yake. Nipande gani? – Mjane, Kangemi

Pole sana mama. Huko Kangemi mko na ardhi nyekundu nzuri, hiyo haitakusumbua vile inawasumbua wa Umoja. Mimi ningepanda muringa. Unakua haraka kiasi, una kivuli cha mtu kukaa na kikapu chake, na ukichanua ni maua meupe mengi, nyuki wanakuja, halafu yanaanguka chini kunakuwa kweupe na mtu atalazimika kufagia.

Usiweke kibao cha jina kwanza, siku hizi chuma inaibiwa. Ongea na wazee wa soko wakuonyeshe pembe ambayo haipangiwi kibanda, na uende siku ya wiki ambayo si ya soko, mchimbe na mwanao au na jirani. Na chukua miche miwili, mama. Mmoja uupande pale, wa pili uuweke nyumbani kwa debe lenye matundu chini, umwagilie kama huo mwingine, kwa sababu watoto wa mpira watauvunja wa kwanza, karibu kila mara wanauvunja, halafu unatoa ule wa debe ukiwa umeshafika kiunoni unaupanda shimo lile lile.

Pitia nasari siku yoyote, yako ninakupatia.